Mchimbaji wa Kampene naye anahitaji konji

Wazee wa Uingereza waliozoea kusafiri wana lalamiko moja siku hizi: likizo si zile za zamani. Hoteli ya pwani waliyokuwa wakienda na watoto imefungwa. Ukumbi wa dansi umegeuzwa nyumba za kupangisha. Vijana wamekaa mezani, kila mmoja na simu yake. Hata kampuni ya Thomas Cook, iliyosafirisha vizazi na vizazi, ilifilisika tarehe 23 mwezi wa tisa 2019, na Waingereza zaidi ya laki moja wakabaki ugenini wakingoja ndege za kuwarudisha nyumbani.

Huku Maniema wazee wetu wanasema yaleyale. Kaa nao jioni pale Kampene, katika eneo la Pangi, watakueleza enzi za makampuni: mshahara wa mwisho wa mwezi, kantini, taa, mpira wa Jumapili, muziki hadi usiku. Kisha watanyosha kidole kwa kijana anayetoka kwenye shimo la dhahabu akiwa na faranga mfukoni, akaingia nganda, na asubuhi akaamka hana kitu. Watasema: kizazi hiki hakijui kustarehe, kinajua kulewa tu.

Ndugu msomaji, naomba tuwasikilize wazee hawa wote wawili, wa kule na wa huku, lakini tuwaulize swali moja. Hizo jioni nzuri mnazozilia, nani alizilipia?

Tuanze na mwaka 1871. Mwaka huo mambo mawili yalitokea, moja London na lingine hapa kwetu Maniema. London, Bunge lilipitisha sheria ya siku za mapumziko ya mabenki, iliyopelekwa na mbunge John Lubbock. Karani wa benki akapata siku kadhaa katika mwaka ambazo hakuna bosi aliyeweza kumwita kazini. Wakati huohuo, Mwingereza mmoja mwenye umri wa miaka 58, mgonjwa, aliyechoka na safari, alikuwa Nyangwe kando ya mto Lualaba. Huyo ni David Livingstone, mzaliwa wa Scotland. Alikaa pale miezi kadhaa akitafuta mtumbwi wa kumvusha, na kilichomfurahisha zaidi ni soko.

Livingstone aliandika kwamba soko la Nyangwe lilikutana kila baada ya siku chache, likijaa watu zaidi ya elfu, wengi wao wanawake. Walikuja na samaki, vyungu, kuku, chumvi na mafuta ya mawese. Walibishana bei, walicheka, walipashana habari. Na aliona jambo kubwa zaidi: hata vijiji vilipokuwa vitani, wanawake waliokwenda sokoni walipita bila kuguswa. Soko lilikuwa na amani yake. Ilikuwa siku ya kazi, ndiyo, lakini pia ilikuwa siku ya kutoka nyumbani, kuonana na kupumua.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliingia sokoni na bunduki, wakawapiga risasi wauzaji. Waliookolewa na risasi walizama mtoni. Livingstone aliambiwa kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Siku chache baadaye aliondoka Nyangwe na kurudi Ujiji.

Nimeyakumbusha haya kwa sababu tunapenda kusema kwamba mapumziko ni mambo ya Wazungu, kwamba Mwafrika wa kijijini hana habari za konji. Si kweli. Mababu zetu walikuwa na siku zao, na ngoma zao za mwezi mpevu, na sherehe zao. Walichopoteza hawakukipoteza kwa uvivu wala kwa ulevi. Walinyang'anywa. Na walipokuwa wakinyang'anywa, karani wa London alikuwa anaandikiwa siku zake katika sheria.

Hata Mwingereza hakuzaliwa na likizo mkononi. Thomas Cook alipanga safari yake ya kwanza tarehe 5 mwezi wa saba 1841, akawapeleka watu kama 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mmoja kwa shilingi moja. Walikuwa wanakwenda wapi? Kwenye mkutano wa kupinga pombe! Cook alikuwa mtu wa dini aliyechukia ulevi. Lakini hakuishia kumhubiria mfanyakazi aache chupa. Alimpa kitu kingine cha kufanya siku yake: treni, muziki, chakula, marafiki. Ikachukua karibu miaka mia moja tena, hadi sheria ya mwaka 1938, ndipo wafanyakazi wengi wa Uingereza wakafunguliwa njia ya kupata wiki moja ya likizo huku mshahara ukiendelea. Yule mzee wa Kiingereza anayekumbuka dansi ya pwani anakumbuka matunda ya sheria, mshahara na reli.

Sasa turudi Kampene. Wazee wetu hawasemi uongo. Kampene ilijulikana kwa COBELMIN, Kalima kwa Symétain, na makampuni hayo ya bati na dhahabu yalijenga nyumba, zahanati, shule na barabara. Aliyekuwa na kazi alijua siku ya mshahara na siku ya kupumzika. Lakini tusiipake rangi enzi ile. Mahali pa starehe pa Mzungu palikuwa pake, na Mwafrika aliingia pale kama mtumishi. Katika miji mikubwa ya Kongo ya Wabelgiji, Mwafrika alihitaji ruhusa ili aonekane usiku katika mtaa wa Wazungu. Na kwa Walega, wenyeji wa Pangi, serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha Bwami mwishoni mwa miaka ya 1940, pamoja na ngoma na mafundisho yake. Kwa hiyo palikuwa na usiku ulioruhusiwa na usiku uliokatazwa, na mwenye kuchagua hakuwa sisi.

Mwaka 1960 uhuru ulikuja na muziki wake. Joseph Kabasele na African Jazz walitunga Indépendance Cha Cha kule Brussels, wakati wajumbe wetu walipokuwa kwenye mazungumzo, na nchi nzima ikaicheza. Rumba hiyohiyo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwezi wa kumi na mbili 2021. Lakini rumba haijazi tumbo. Mwaka 1976 makampuni ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, kampuni ikaanza kukauka, na mwaka 1997 nafasi yake ikachukuliwa na SAKIMA. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa zamani wamekuwa wakidai haki zao za mwisho. Kisha vita vikaja.

Mshahara ulipokwisha, kalenda nayo ilikwisha. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulione. Mchimbaji wa leo hana mwisho wa mwezi. Hana Jumapili isipokuwa ameamua mwenyewe kuacha shimo, na akiacha, mwingine anaweza kuingia. Hana likizo ya mwaka. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inataja pumziko la kila wiki na likizo ya kulipwa, lakini inamhusu mwenye mkataba. Yeye mkataba wake ni koleo, na mfadhili aliyemkopesha chakula akingoja mchanga uoshwe.

Mtu wa namna hii akipata gramu mbili za dhahabu, unategemea afanye nini? Hajui kama kesho atapata tena. Hajui kama shimo litamwangukia. Nganda ndiyo konji yake ya pekee, na anaitumia yote usiku mmoja. Ni Jumapili, likizo ya mwaka na pensheni, vyote katika chupa nne na muziki wa jenereta.

Simtetei mlevi. Madhara yake tunayaona. Mke anangoja pesa ya unga, haiji. Mtoto anafukuzwa shuleni. Wasichana wadogo wanavutwa kwenye nyumba za pombe zilizo karibu na machimbo, na mtu mzima anajifanya haoni. Lotoko inaharibu vichwa vya vijana ambao jana walikuwa darasani. Anayesema ni starehe tu hajawahi kukaa na mama zao.

Lakini kumtukana kijana hakujamponya hata mmoja. Amri nazo tumezijaribu. Mwezi wa kumi na mbili 2020, kwa sababu ya korona, nchi nzima iliwekewa marufuku ya kutembea kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja asubuhi. Je, ulevi uliisha? Amri inaweza kufunga mlango wa baa. Haiwezi kumpa mtu sababu ya kwenda nyumbani na pesa yake.

Wengine watasema: maskini hana haki ya kuzungumza habari za konji, kwanza ale. Nawaelewa. Lakini Mwingereza wa 1841 naye alikuwa maskini, na wanawake wa Nyangwe hawakuwa matajiri. Pumziko si kitu cha kuongezwa tumbo likishajaa. Ni siku hiyo ya pumziko ndiyo inayomfanya mtu ahesabu: wiki hii nimepata nini, nimetumia nini, nani ananidai, mtoto anaendeleaje. Asiye na siku ya kusimama hana siku ya kuhesabu.

Nini kifanyike, basi? Sisemi tungoje Kinshasa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka mchimbaji mdogo awe ndani ya ushirika. Basi ushirika usiwe karatasi ya kukusanya kodi tu. Uweke siku moja kwa wiki ambayo mashimo yote yanafungwa, ili anayepumzika asiogope kuporwa nafasi yake. Uwe na sanduku la akiba, na mchango ukatwe siku ya mauzo, kabla pesa haijafika nganda. Mama akiugua au muhula wa shule ukianza, sanduku lifunguliwe. Kina mama wetu tayari wanachezesha vikundi vya likilimba. Wanaume waende wakajifunze kwao.

Viongozi wa Pangi na wa jimbo nao wana sehemu yao. Taa chache za jua sokoni na kwenye njia kuu zinampa mama nafasi ya kuuza ndizi na samaki hadi saa mbili bila hofu. Uwanja wa mpira uliofyekwa na ukumbi mmoja wenye paa vinampa kijana mahali pa kwenda pasipo chupa. Na barabara! Konji bila barabara ni jina tu. Zamani mtu wa Kampene alikwenda Kindu au Bukavu kuwaona ndugu. Tangu Goma na Bukavu ziangukie mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, mlango wa mashariki umekuwa mgumu, na upande wa Kindu mvua ikinyesha pikipiki inasukumwa na abiria wake.

Tayari tunayo siku moja ya kuanzia. Tarehe 1 mwezi wa nane ni siku ya wazazi. Asubuhi tunakwenda kusafisha makaburi ya waliotangulia, mchana tunakaa na wazazi walio hai. Ni konji yetu wenyewe. Natamani siku hiyo kila shimo la Kampene lifungwe, bila mfadhili kumnong'oneza mtu arudi kwa siri, na kijana afike kwa mama yake akiwa na kuku mkononi badala ya deni.

Wazee wa Uingereza wataendelea kuzililia kumbi zao za dansi, na wana haki. Wazee wetu nao wana haki ya kuikumbuka kantini. Ila mzee anayetaka kijana astarehe kwa heshima aje kwenye mkutano wa ushirika, adai naye siku ile ya kufunga mashimo. Akimaliza kudai, ndipo amkanye kuhusu pombe. Hapo kijana atamsikiliza.