Mtoto Halali, Ndoa Nayo Haipumui

Mwezi huu nilikuwa na mada nyingine kabisa, lakini nimeiweka kando kwa sababu ya simu ya dada mmoja wa Kayanga, Karagwe. Alikuwa analia.

"Dada, mume wangu amehamia sebuleni. Anasema ana kazi kesho, hawezi kukesha. Kwani mimi sina kazi?"

Mtoto wao ana miezi miwili na nusu. Usiku anaamka mara nne, mchana anasinzia dakika ishirini halafu macho makavu. Likizo ya uzazi, zile siku 84, inakwisha wiki ijayo, na dada wa kazi ndiyo kwanza amefika. Mama huyu alichapisha ratiba ya usingizi kutoka kwenye intaneti akaibandika kwenye friji. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Nkwenda kule Kyerwa, akaitazama na kucheka: "Mwanangu, mtoto si basi la Bukoba aondoke kwa saa. Mbebe mgongoni alale."

Nani ana haki hapo? Nakwambia ukweli, wote wawili, kila mmoja nusu.

Mama mkwe ana haki kwa sababu mtoto wa umri huu bado hajajua vizuri tofauti ya usiku na mchana. Kuamka kunyonya usiku si ukorofi, ni njaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miezi 0 hadi 3 anahitaji saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku, na wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16, mchana ukihesabiwa humo. Kumbe usingizi upo, ila umekatwa vipande vipande.

Mke naye ana haki kwa sababu utaratibu unasaidia. Ila usifuate saa ya ukutani, mfuate mtoto. Wa umri huu akikaa macho saa moja hadi moja na nusu hivi, anachoka. Akianza kupiga miayo, kusugua macho au kukwepa kukutazama, mlaze. Ukisubiri alie, umechelewa. Aliyechoka kupita kiasi ndiye anayegoma kulala!

Mchana acha mwanga na kelele za nyumbani. Usiku taa hafifu, sauti ya chini, simu pembeni. Kila jioni fuateni mtiririko uleule: kuoga, kunyonya, wimbo, kitanda. Mgongoni kwa bibi ruksa, mradi pua iwe wazi na kidevu kisibanwe kifuani.

Kwa usalama, mlaze chali, kwenye godoro gumu lake mwenyewe karibu na kitanda chenu, bila mto, ndani ya chandarua chenye dawa. Najua Karagwe usiku kuna baridi, lakini jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kidogo, hewa yake inaua kimya kimya. Na baba aliyetoka kunywa rubisi asilale kitanda kimoja na mtoto. Mtoto akiwa na homa au akikataa kunyonya, achana na ratiba, wahi hospitali.

Sasa turudi sebuleni. Kaka, usingizi wa mwanao si idara ya mkeo! Kunyonyesha huwezi, sawa. Lakini kumbadilisha nepi, kumcheulisha na kumbembeleza unaweza. Chukua zamu ya saa mbili hadi saa tano usiku, mama alale mfululizo, umwamshe tu mtoto akitaka ziwa. Yeye ashike usiku wa manane, wewe upokee alfajiri.

Na wewe dada, dada wa kazi aanze zamu sasa hivi ungali nyumbani, ajifunze dalili na wimbo wenu. Ukirudi ofisini, kumbuka sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanao. Iombe mapema, usione haya.

Nilimpigia tena juzi. Mtoto bado anaamka mara tatu. Ratiba imetolewa kwenye friji, na mahali pake wamebandika zamu za baba na mama. Mama mkwe ameshajua kupiga mluzi wa wimbo wa jioni. Mume? Amerudi chumbani.

Usiku huu, kabla hamjazima taa, ulizaneni: zamu ya kwanza ni ya nani? Tukutane mwezi ujao.