Biki, kaye na majira ya mwaka



Kiangazi kinakaribia kuisha huku Kivu. Wingu la kwanza la Septemba likionekana, kila mama anaanza hesabu: mbegu za maharage, minervali, kaye za watoto. Hesabu hizo zinatunyima usingizi. Juma hili nawaletea kazi ndogo ya mkono inayotuliza kichwa: kuchora mistari.

Huko Marekani, Rick Roberts na Maria Thomas walianzisha uchoraji unaoitwa Zentangle: karatasi ndogo, kalamu, na mistari inayorudiwa polepole bila kufuta. Lakini kwetu hilo si jambo geni. Kule Kasai, wanawake Wakuba wanadarizi maumbo juu ya kitambaa cha rafia kilichofumwa na wanaume. Kule Ituri, wanaume Wambuti wanaponda ganda la mti mpaka liwe nguo, na wanawake wanachora juu yake. Mistari ni kazi ya mama zetu tangu zamani.

Chukua biki na ukurasa mmoja wa kaye. Chora mraba wenye upana wa kiganja. Ugawe kwa mistari mitatu iliyopinda, kama mipaka ya mashamba kwenye kilima. Umepata mashamba manne. Kila moja lipe majira yake.

Kiangazi, Juni mpaka Agosti: udongo uliopasuka, vipande vyenye pembe vinavyokaribiana bila kugusana.

Mvua ya kwanza, Septemba: mistari mifupi iliyoinama upande mmoja.

Oktoba na Novemba: maharage yanayopanda mti, uzi unaozunguka na jani kila kona.

Mavuno, Desemba na Januari: punje kando ya punje, kama zilizoanikwa mkekani.

Rudia umbo lile lile mpaka shamba lijae. Usikimbie. Pumua, chora, pumua tena. Deni likikujia kichwani, usipigane nalo; rudisha tu macho kwenye ncha ya biki. Mstari ukipotoka, endelea nao. Shambani pia hakuna mtaro ulionyooka kabisa.

Najua mmoja wenu atasema: "Nitapata wapi muda?" Maharage yakiwa juu ya mbabula yanachukua muda mrefu kuiva, wala hayataki kukorogwa kila mara. Dakika kumi za pale ni zako.

Tuchore pia pamoja siku ya mkutano. Kati yetu wako wamama wanaoogopa biki kwa sababu hawakupata kusoma; wakiombwa kutia sahihi, wanaficha mkono. Hapa hakuna herufi, hakuna wa kusahihisha. Mkono uliozoea kusuka nywele na kupanga mbegu unajua kazi hii tayari. Tuwape nafasi ya kwanza.

Biki haitalipa minervali, tusidanganyane. Lakini mama aliyepumzisha kichwa anapanga feza yake vizuri zaidi, tena hamfokei mtoto kwa deni ambalo si lake. Na kama usingizi umepotea majuma mengi, au moyo umebaki mzito kila asubuhi, usibaki na kaye peke yako. Mwambie mwenzako unayemwamini, akusindikize kwenye kituo cha afya.

Mraba wako ukiisha, andika mwezi pembeni. Januari tutaweka kurasa zetu pamoja, tuone mwaka ulivyopita mikononi mwetu.

Tuonane juma lijalo.