Mjadala Usio na Majibizano

Yeyote aliyepitia shule za Kenya anaifahamu taratibu ya mjadala. Mzungumzaji husimama wima, akamtaja mwenyekiti, katibu, mtunza saa, walimu waheshimiwa na wanafunzi wenzake, kisha akatangaza kwamba anaiunga mkono au anaipinga hoja ya siku hiyo. Hufuata methali mbili tatu. Kengele hulia kabla hajaeleza kwa nini mkulima ni bora kuliko daktari. Wa upande wa pili naye huanza na salamu zile zile, akazitoa methali zake, akaketi bila kuligusa hata neno moja la aliyemtangulia. Makofi hupigwa na mshindi hutangazwa.

Hali hii ingeweza kuchekwa tu na kuachwa, lau si uzito wa kiwango chenyewe. Tangu Januari 2023, Gredi ya 7 ilipoanza chini ya mtaala wa umilisi, Kusikiliza na Kuzungumza ni mada kamili katika somo la Kiswahili la sekondari msingi. Wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 wana umri ambao mtoto huanza kuyapima maneno ya wazazi na walimu wake na kuyaona yana mianya. Kubisha hahitaji kufundishwa. Anachokosa ni namna ya kumsikiliza anayembishia, na hicho ndicho kisichofundishwa.

Pengine itawaudhi baadhi ya wapenzi wa fasihi, lakini sehemu ya lawama inaiangukia ngonjera. Mathias Mnyampala wa Tanzania aliukuza utanzu huu miaka ya 1960, nao ukatumika sana kuieneza siasa ya Ujamaa. Kwa kazi hiyo ulifaa: mmoja anajua, mwingine hajui, na hatimaye asiyejua anakiri na kushukuru. Ubishi wake una mwisho uliokwisha kupangwa. Mwanafunzi aliyeikariri ngonjera kwa ghibu kwa ajili ya siku ya wazazi amejifunza sauti, ishara na ujasiri wa kusimama mbele ya watu, na hayo si haba. Hajajifunza kukabiliana na jibu asilolitarajia. Mjadala wa darasani umegeuka ngonjera isiyo na vina.

Kielelezo bora kimo katika fasihi hiyo hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alitungiana na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa na uhasama. Katika majibizano ya aina hiyo, mshairi hawezi kujibu asichokifumbua. Hulazimika kwanza kuingia ndani ya fumbo la hasimu wake, akaona limefungwa wapi, ndipo alifungue na kumfungia lake. Huo ndio usikilizaji unaotakikana darasani, nao hauhitaji kuagizwa kutoka vyuo vya Uingereza.

Utekelezaji wake si mgumu. Kipindi ni dakika 40. Darasa la wanafunzi 50, kila mmoja akizungumza kwa dakika tatu, linadai dakika 150. Ndiyo maana huzungumza wale wale sita kila mara, na waliosalia kazi yao ni kupiga makofi. Wakigawanywa wawili wawili, wote huzungumza. Pande zitolewe kwa kura, ili mtoto ajizoeze kuitetea hoja asiyoiamini. Kisha iwekwe kanuni moja: hakuna kujibu kabla ya kuieleza hoja ya mwenzako hadi mwenyewe akubali kwamba ndiyo aliyoisema. Mada nayo ibadilishwe. Mkulima na daktari wamechoka. Kama wanafunzi wa kutwa walipie chakula cha mchana shuleni, au kama simu ziruhusiwe mabwenini, ni mambo ambayo mtoto wa miaka 13 ana ushahidi nayo.

Lipo suala la usanifu wa lugha, na hapa mwalimu wa Kiswahili ndiye mkosaji mkubwa. Mtoto amefika katikati ya hoja yake, anakatizwa kwa sababu ya ngeli. Darasa linacheka, naye hasimami tena muhula mzima. Makosa yaandikwe daftarini na yasahihishwe baadaye. Si kwamba usanifu upuuzwe: Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinamtaka mbunge aliyeanza kuchangia kwa lugha moja aendelee nayo hadi mwisho, na wasikilizaji wa bunge hilo wanajua jinsi sharti hilo linavyowatoa jasho waheshimiwa. Lakini ufasaha huo hutokana na kuzungumza mara nyingi, wala hauletwi na kunyamazishwa.

Kikwazo kilichobaki kiko karibu zaidi na idara za Kiswahili vyuoni. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha akiligawa darasa wawili wawili, jozi 25 zikazungumza kwa pamoja, mkaguzi anayeingia husikia kelele na huenda akampunguzia alama za udhibiti wa darasa. Mwenzake aliyewapanga wanafunzi sita mbele na 44 wakiwa kimya huonekana amefaulu. Wakaguzi hao ni wahadhiri. Wangeweza kuanza kwa kusogea karibu na jozi moja, wasikilize kama yupo anayejibiwa, kabla ya kuandika alama.