Cephiro ya Ngorongoro: Nusu ya Habari Tunayowapa Wanafunzi

Ipo katuni ya Kijapani iitwayo Magic Knight Rayearth ambayo, kwa maoni yangu, ingepaswa kutazamwa na kila mwalimu wa nchi hii kabla hajawapandisha wanafunzi wake kwenye basi la kwenda Ngorongoro. Najua wapo watakaocheka, waseme mhadhiri huyu ameishiwa mada sasa anatuletea katuni. Wacheke, kisha wanisikilize.

Vijana wetu wanazitazama katuni hizi, tupende tusipende. Wanazinakili kutoka simu hadi simu, wanazijadili usiku kucha mabwenini, nasi tunaowafundisha hatujui hata majina yake. Aina inayopendwa mno Wajapani huiita isekai, yaani ulimwengu mwingine: mwanafunzi wa kawaida, mwenye sare na mkoba wa madaftari, ananyakuliwa ghafla na kutupwa katika nchi ya ajabu yenye mazimwi, wachawi na falme, na huko anaambiwa kwamba yeye ndiye shujaa aliyekuwa akingojewa. Nyingi ya kazi hizi, niseme wazi, ni takataka. Shujaa anafika katika nchi ya watu, hajui lugha yao wala mila zao, na kwa sehemu tatu tu za mchezo keshakuwa bwana wao. Msomaji aliyesoma historia ya Afrika ya karne ya kumi na tisa ataitambua hadithi hiyo bila kuhitaji tafsiri.

Rayearth ni tofauti. Ilitungwa na CLAMP, kundi la wachoraji wanawake, ikaanza kuchapishwa mwaka 1993 na kuonyeshwa katika televisheni ya Japani tangu Oktoba 1994 hadi Novemba 1995, sehemu 49. Wasichana watatu wa shule, Hikaru, Umi na Fuu, wamepelekwa na shule zao kwenye ziara ya Mnara wa Tokyo. (Ziara ya shule! Kumbukeni hilo.) Mwanga unawafunika, nao wanajikuta Cephiro, nchi ya kupendeza kupita kiasi. Mwalimu mkuu wa uchawi, Clef, anawaeleza kwamba uzuri wa Cephiro unategemea sala ya mtu mmoja, Binti Mfalme Emeraude, aitwaye Nguzo. Kwamba kuhani Zagato amemteka. Na kwamba wao watatu wameitwa kumwokoa. Wasichana wanapigana kishujaa na kumuua Zagato. Hapo ndipo wanapogundua walichofichwa. Nguzo haruhusiwi kumpenda mtu wala kujifikiria yeye mwenyewe. Emeraude alimpenda Zagato, naye Zagato alisimama dhidi yao ili asife. Binti Mfalme hakuwaita wamwokoe bali wamuue, kwa kuwa hakuna mkazi wa Cephiro awezaye kumdhuru Nguzo. Kazi hiyo ilihitaji wageni. Nao wanaifanya, kisha wanarudi Tokyo wakilia.

Sasa tupande basi letu.

Kila mwaka mabasi ya shule na vyuo hupita Makuyuni, yakashuka Mto wa Mbu, yakapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu. Wengi hulala Karatu kwa sababu malazi ya ndani ya hifadhi si ya mfuko wa mwanafunzi. Alfajiri basi huingia lango la Lodoare, hupanda katika ukungu wa msitu, na ghafla miti inaachana na kreta inatokea chini: kilomita za mraba zipatazo 260, kuta za kina cha mita 600, ziwa linang'aa katikati kama sahani. Sijapata kuona kundi la wanafunzi lisilonyamaza mahali pale. Huo ni unyakuo wa kweli, na simlaumu kijana anayedhani ameingia ulimwengu mwingine.

Kosa linaanza pale mtu mzima anapofungua kinywa. Nimesikiliza maelezo hayo mara nyingi, kwa sauti za watu mbalimbali, na yamefanana kama yaliyokaririwa: hapa ni bustani ya asili isiyoguswa, hawa ni wanyama, na adui wa bustani hii ni ng'ombe na watu walioongezeka. Zagato keshatajwa. Wanafunzi wanaandika kwenye madaftari, wanapiga picha, wanashuka kuwatazama faru. Katika ziara moja alikuwamo kijana aliyezaliwa Endulen, ndani ya hifadhi hiyohiyo. Wenzake walipokuwa wakiuliza maswali kuhusu “wavamizi”, alikuwa akitazama nje ya dirisha. Hakuna aliyemwuliza lolote, na yeye hakusema.

Isiyoguswa? Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuingia katika kreta ile mwaka 1892, aliwakuta humo Wamaasai wakifa kwa njaa baada ya sotoka kuteketeza ng'ombe wao. Kabla ya Wamaasai walikuwapo Wadatoga, ambao hadi leo wanaheshimu makaburi ya wazee wao mle ndani. Wajukuu zao wengi wanaishi Karatu, upande wa Ziwa Eyasi, jirani na Wahadzabe. Ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walilima na kufuga ndani ya kreta hadi Vita Kuu ya Kwanza. Bustani hii imekanyagwa na watu na ng'ombe kwa vizazi, na faru na nyumbu walikuwamo humohumo.

Tena, njiani ukingoni kuna mnara wa kumbukumbu ambao mabasi husimama wanafunzi wapige picha. Amezikwa hapo Michael Grzimek, aliyekufa Januari 1959 ndege yake ilipogongana na tai, na baadaye majivu ya baba yake, Bernhard, aliyefariki mwaka 1987. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Bernhard Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na watu, hata wakiwa wenyeji. Siwadharau marehemu, walifanya kazi kubwa ya kuhesabu wanyama na kufuatilia nyendo zao. Lakini nauliza: wako wapi, katika ukingo ule wote, mnara wa wazee wa Kimaasai waliotia saini mwaka 1958 kuiacha Serengeti? Ni wao waliotoa ardhi. Walipewa Ngorongoro kuwa makazi yao, hifadhi ya matumizi mseto ikaundwa kwa sheria mwaka 1959, na Gavana Turnbull akawaahidi waziwazi mwaka huohuo kwamba maslahi ya wanyama yakigongana na ya watu, ya watu yatatangulia. Ahadi hiyo ilitolewa na serikali ya kikoloni, ndiyo. Ila miaka kumi na tano baadaye, mwaka 1974, serikali yetu wenyewe iliwatoa kwa nguvu waliokuwa wakiishi ndani ya kreta, na mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetoka Ngorongoro bila kuijua miaka hiyo miwili amekwenda matembezi tu, hata kama fomu ya chuo imeandikwa “mafunzo kwa vitendo”.

Wasomaji wangu mlio watumishi wa umma mtaniambia kwamba nazungumza kana kwamba idadi ya watu haikuongezeka. Imeongezeka, tena sana: kutoka watu wapatao 8,000 mwaka 1959 hadi zaidi ya 100,000 kwa takwimu za serikali. Malisho ni haba, magugu yanaenea, umaskini wa kaya nyingi hauna kificho. Wala sitasema kila aliyehamia Msomera, wilayani Handeni, tangu Juni 2022 alikwenda akiburutwa; zipo familia zilizoona nyumba na shamba kuwa afadhali, na ni haki yao. Hili ni swali gumu la kweli, lenye hesabu za kweli, na lingestahili kujadiliwa na wanafunzi wenye akili.

Lakini mnaliita hiari. Basi hiari ichunguzwe kama tunavyochunguza neno lolote darasani. Mwaka 2022 barua za halmashauri ziliagiza fedha za kukabiliana na athari za Uviko-19, zilizokuwa za shule za Ngorongoro, zihamishiwe Handeni. Fedha za madarasa, jamani, zimehama kabla ya watoto! Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2024, lilieleza jinsi huduma za afya na elimu zilivyodhoofishwa ndani ya hifadhi ili wakazi waondoke, serikali imekanusha. Siku chache baada ya ripoti hiyo, Tangazo la Serikali Na. 673 la tarehe 2 Agosti 2024 likafuta kata na vijiji vya tarafa nzima ya Ngorongoro. Watu walio hai, wenye kadi za kupigia kura, wakaamka hawana kijiji. Maelfu waliteremka barabarani mwezi huohuo, wakafunga njia ile wanayopita watalii, na tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu mjini Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Desemba mwaka huo Rais alikutana na viongozi wa Kimaasai Arusha, akaahidi tume mbili. Mtu anayehama kwa hiari haondolewi kwanza kwenye ramani.

Na hapa ndipo ninapomrudia mwalimu Clef, kwa sababu makala haya hayahusu serikali pekee. Clef hakuwadanganya wasichana wale. Kila alichowaambia kuhusu Cephiro kilikuwa kweli: nchi ni nzuri, Nguzo yuko hatarini. Aliacha tu kuwaambia kilichobaki, naye alikijua. Sisi walimu wa vyuo tunakijua kilichobaki. Tumesoma tasnifu, tumekaa kwenye warsha, wengine tumelipwa ushauri elekezi na mamlaka zilezile. Halafu tunasimama ukingoni na kumwachia mwongoza watalii aseme, kwa kuwa ni rahisi na hakumtii mtu mashakani. Nayasikia maelezo kwamba mazingira ya sasa hayaruhusu, kwamba mkuu wa idara atauliza, kwamba kibali cha ziara mwakani kitakuwa kigumu. Yote hayo ni kweli. Clef naye alikuwa na sababu zake.

Matokeo yake tunayaona baadaye. Vijana hawa ndio maofisa mipango, maofisa wanyamapori, wanasheria na wahariri wa kesho. Watatiwa mikononi faili la kuhamisha kijiji, na watalitekeleza kwa moyo safi kabisa, kwa sababu tangu kidato cha tatu wameambiwa Zagato ni nani. Ukitaka mtu atende jambo ambalo mwenyeji asingelitenda, mlete mgeni asiyejua. Wachoraji wa Tokyo waliliona hilo wakiandikia jarida la wasichana wadogo.

Tofauti moja sitaificha, nisije nikaonekana nimelazimisha mlinganisho. Emeraude aliomba kufa. Hakuna mama wa Nainokanoka wala Endulen aliyeomba kijiji chake kife ili kreta ipendeze. Ngorongoro kuna dhuluma ambayo hata katuni haikuthubutu kuitunga.

Watu wa Karatu nao wasijione watazamaji. Msitu wa nyanda za juu unaotenganisha mashamba ya Wairaqw na hifadhi ndio chanzo cha maji yao, na ndiko wanakotoka tembo na nyati wanaokanyaga mahindi yao usiku. Mji mzima unaishi kwa lango lile. Nimewasikia wafanyabiashara wa Karatu wakisema mgogoro wa Wamaasai ni wa Wamaasai. Barabara ilipofungwa Agosti 2024, nadhani walipata nafasi ya kulitafakari neno hilo.

Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Vizuri. Wakuza mitaala waniambie ni ukurasa gani utakaowataja wazee wa 1958, ahadi ya 1959 na kilichotokea 1974, kwa sababu sioni maadili gani yanaweza kufundishwa kwa historia iliyokatwa katikati. Katika sehemu ya pili ya Rayearth wasichana wanarudi Cephiro wakijua kila kitu. Nchi inaporomoka, mataifa jirani yanaimezea mate, na Hikaru anachaguliwa kuwa Nguzo mpya. Anakubali kwa sharti moja tu: mfumo wenyewe wa Nguzo ukome. Mtoto wa darasa la nane anauliza kwa nini uzuri wa nchi lazima ulipwe na mtu mmoja, nasi tuna maprofesa wasiouliza.

Walimu wenzangu mnaoandaa ziara za likizo ijayo, nawaomba jambo dogo. Usiku ule wa Karatu, kabla wanafunzi hawajatawanyika kutafuta chipsi, wakusanyeni ukumbini kwa saa mbili. Wasomeeni Sheria ya Hifadhi ya Ngorongoro, Tangazo Na. 673 na amri ya mahakama. Alikeni mzee mmoja wa Kimaasai, mmoja wa Kidatoga, na ofisa mmoja wa hifadhi, waulizwe maswali bila kuchujwa. Kama ndani ya basi yumo mwanafunzi aliyezaliwa ng'ambo ya lango, mwulizeni kwanza faraghani kama angependa kusema. Asubuhi pandeni mkaitazame kreta.