Meli zilizozama Tanganyika: si kila chuma ni cha kuinua

Wakaazi wengi wa Uvira wanaikumbuka Liemba. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuangushwa, meli hiyo ilipakia wakimbizi Kigoma na kuwashusha Uvira, safari baada ya safari. UNHCR iliitumia kurudisha nyumbani watu zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ikawabeba Warundi waliokwama Kagunga. Ni wachache kati ya abiria hao waliojua kwamba chombo hicho kiliwahi kulala chini ya ziwa.

Wajerumani waliiita Graf von Goetzen. Julai 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo mtu akisema vyote vilivyozama viinuliwe, ana mfano mzuri mkononi. Lakini Liemba ilizamishwa kwa uangalifu, ikainuliwa ingali nzima, ikapewa kazi. Ndugu yake, Hedwig von Wissmann, ilipigwa mizinga tarehe 9 Februari 1916 na kuzama pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Baada ya zaidi ya miaka 100, hiyo haiwezi tena kubeba mtu. Anayeitaka leo anataka vyuma vya kuuza kwa kilo, au kengele ya kupamba sebule ya tajiri.

Tena kutoa kitu majini si kukiokoa. Chini ya takriban mita 200, Tanganyika haina oksijeni, na kutu huenda polepole sana. Chuma kikifika juu kinapata hewa, na kuoza kunaanza upya. Mbao zikikauka zinapasuka. Wasweden walipoinua meli yao Vasa mwaka 1961, waliinyunyizia dawa kwa miaka 17 ili isivunjike. Nani atalipa gharama kama hiyo hapa, wakati barabara na maji ya bomba bado ni shida?

Kuna pia jambo la wafu. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama upande wa Kalemie, ikaua watu zaidi ya 120. Familia nyingi za pwani hii zina mtu ambaye ziwa halikumrudisha. Kwao, mabaki ya meli ni kaburi, na kaburi halichimbwi kwa ajili ya soko.

Kijana asiye na kazi atajibu kwamba historia haijazi sufuria. Ana haki ya kusema hivyo. Lakini chuma kikiuzwa, yeye anakula siku mbili, faida inabaki kwa mnunuzi, na mahali pale hapana tena kitu cha kuwaonyesha watoto.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001, ambao Kongo imeuridhia, unasema kuacha vitu mahali vilipo ndilo chaguo la kwanza, na unakataza kuvifanyia biashara. Kwa maziwa, kifungu cha 28 kinaachia kila nchi itangaze kwamba kanuni hizo zitafuatwa. Wabunge wa Kivu Kusini na Tanganyika waulizwe juu ya hilo. Na hapa Uvira, Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia kingeweza kushirikiana na wavuvi kuandika mahali nyavu zinapokwama, bila kugusa kitu.

Kinachoweza kuwatumikia walio hai kiinuliwe, kama Liemba. Kilicho kaburi na kumbukumbu kiachwe. Familia zilizokimbia vita zinalielewa hili kuliko wengine: zimeona milango na mabati ya nyumba zao yakiuzwa sokoni, na wauzaji wakisema wameyaokota tu.