Kofia ya Mraba na Msahafu wa Kubuni



Bila shaka umepata kuisikia khabari hii, na pengine umewahi kuisimulia mwenyewe. Husemwa kwamba joho jeusi wanalolivaa vijana siku ya kupewa shahada katika vyuo vikuu asili yake ni kanzu ya Waislamu wa Andalusi: Wazungu walikwenda Cordoba kusoma, wakarudi kwao na kanzu, wakaifanya vazi la elimu. Na ile kofia yenye kibao bapa utosini? Hiyo, ati, ni mahali pa kuweka Msahafu, ili ijulikane kuwa hapana elimu iliyo juu ya Qur'ani. Na kile kishada kinachoning'inia pembeni ni uzi wa kutilia alama ukurasa!

Mara ya mwisho mimi niliisikia katika karamu ya kuwapongeza vijana watano waliofuzu. Walikaa mbele na majoho yao ya kukodi, jasho likiwatoka. Msemaji akaieleza khabari hii yote kwa sauti ya yakini, na watu wakapiga takbira. Baada ya chakula mmoja wa wale vijana alimwendea kwa adabu, akamwuliza: "Sheikh, hii nitaisoma katika kitabu gani?" Akajibiwa: "Mwanangu, hii ni khabari mashuhuri." Kijana akasema, "Naam," akarudi kukaa.

Jee, hilo ni jibu? Sisi ni umma ambao wanavyuoni wake walisafiri mwezi mzima juu ya ngamia kwa ajili ya kuhakikisha Hadithi moja. Walimchunguza kila msimulizi: nani huyu, alizaliwa lini, alikutana na nani, hifadhi yake ilikuwaje. Walikataa maneno mazuri kabisa kwa sababu mlolongo wake ulikatika mahali pamoja. Leo tunaletewa khabari isiyo na msimulizi, isiyo na kitabu, isiyo na mwaka, nasi tunaipokea kwa takbira kwa kuwa inatupendeza. Tena tunaitoa mbele ya vijana ambao chuo kimewafundisha kwa miaka mitatu au minne kwamba kila neno lina ushahidi wake!

Basi na tuitazame asili ya vazi hili. Na tuanze Oxford, kwani huko kanuni za mavazi ziliandikwa, zikahifadhiwa, na mpaka leo zinafuatwa.

Katika karne ya kumi na tatu wasomi wa Oxford, kama wenzao wa Paris, walihesabiwa kuwa ni watu wa kanisa. Walinyolewa utosini kama makasisi, na walihukumiwa katika mahakama za kanisa. Mwaka 1222 Askofu Mkuu wa Canterbury, Stephen Langton, aliitisha baraza la kanisa hapo hapo Oxford, na miongoni mwa amri zake ilikuwa kwamba makasisi wavae joho refu lililofungwa mbele. Wasomi wakalivaa kwa kuwa walikuwa katika kundi hilo. Ama kofia ya mraba, hiyo ni ndugu wa kofia ya pembe nne ya mapadri, ambayo wengine wao wanaivaa hata leo. Mwanzoni ilikuwa ya kitambaa laini. Baadaye ikatiwa kitu kigumu ndani isianguke pembe, na juu yake ikawekwa tamvua. Kishada kirefu kilikuja mwisho kabisa, katika karne ya kumi na nane. Uzi wa Msahafu gani ulioingia kofiani zaidi ya karne mbili baada ya Granada kuanguka mwaka 1492?

Sasa sikiliza jambo ambalo, kwa rai yangu, linatosha peke yake. Mwaka 1636 Oxford ilipata kanuni mpya zilizoamriwa na William Laud, Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa chuo. Ndani yake mna maagizo ya mavazi: wanafunzi wavae rangi nyeusi au ya kukaribia weusi, wasitembee hadharani na mabuti, wasifuge nywele ndefu za kusokotwa. Hapo ndipo lilipotoka jina la Kilatini wanaloliita mpaka leo vazi lao la mtihani, maana yake rangi iliyofifia kuelekea weusi. Na mwaka ule ule wa 1636, Laud huyo huyo alianzisha Oxford kiti cha ualimu wa lugha ya Kiarabu, akamweka Edward Pococke, mtu aliyekaa miaka Halab akisoma kwa masheikh wa huko. Laud alikusanya vitabu vya Kiarabu vilivyoandikwa kwa mkono, akavitoa kwa maktaba ya chuo. Basi kama joho lilitoka kwa Waarabu, hapana mtu duniani aliyekuwa na nafasi bora ya kulijua hilo kuliko huyu, aliyeshika kanuni ya mavazi kwa mkono mmoja na vitabu vya Kiarabu kwa mkono wa pili. Lakini vazi aliloliagiza alilitaka kwa ajili ya heshima na nidhamu ya chuo cha Kikristo.

Wala usidhani kwamba vazi hilo lilikuwa jambo tukufu la kugombaniwa. Kwa muda mrefu lilitumika kuonyesha nani mwana wa nani. Watoto wa malodi walivaa majoho ya hariri yaliyonakshiwa, na kishada cha dhahabu kofiani. Watoto wa matajiri wa daraja ya pili nao walikuwa na hariri yao. Kijana maskini, ambaye alilipia masomo yake kwa kuwatumikia wenziwe mezani, alivaa joho duni na kofia isiyo na kishada, ili kila anayempita njiani amjue kuwa ni mtumishi. Yaani ndani ya nyumba ya elimu, kabla kijana hajafungua kinywa, nguo yake ilikwisha kumtaja baba yake! Tofauti hizo za nasaba zilikuja kuondoka katika karne ya kumi na tisa. Na huko Cambridge wanawake walifanya mitihani ile ile ya wanaume, lakini tangu 1921 walipewa jina tu la shahada bila ya haki ya kuvaa joho, kwa kuwa hawakuhesabiwa kuwa ni wanachama wa chuo. Walingoja mpaka 1948. Kitu cha namna hii ndicho tunachokikimbilia kusema kuwa ni chetu?

Insafu inataka niseme na upande wa pili. Oxford ya leo si ile. Mwaka 2006, na tena mwezi wa Mei 2015, wanafunzi wenyewe waliulizwa kama vazi rasmi la mtihani liwe la hiari. Mara zote mbili walikataa, na katika kura ya 2015 waliokataa walipita robo tatu ya waliopiga kura. Miongoni mwa hoja zao ilikuwa kwamba wakishavaa nguo nyeusi na shati jeupe, mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini hawajulikani. Hoja hiyo mimi naiheshimu.

Ama sisi wa Afrika ya Mashariki, joho hili halikutufikia kwa njia ya Cordoba. Makerere ilipounganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, shahada zilikuwa za London na adabu za mavazi zilifuata huko huko. Wazee waliosoma pale wanayakumbuka majoho mekundu waliyoyavaa wanafunzi. Kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki mwaka 1963, na kilipogawanyika mwaka 1970 kuwa vyuo vikuu vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, joho lilibaki, likabadilishwa rangi na mapambo. Njia hii inajulikana, haina giza hata kidogo.

Basi kwa nini watu wameing'ang'ania khabari ya kubuni? Naona kuna sababu mbili. Ya kwanza ni unyonge: mtu aliyeona vya wenziwe vimetangulia hutaka kusema kuwa vyote vilikuwa vyake. Ya pili hutajwa kwa nadra, nayo ndiyo kubwa. Watu wanaogopa kuulizwa: kama joho lilitoka kwa makasisi, jee, Mwislamu kulivaa si kujifananisha nao? Basi wakatafuta njia ya mkato. Wakalifua joho kwa hadithi, likatoka limetakasika. Lakini swali la fiqhi halijibiwi kwa uwongo wa tarikh. Lina majibu yake: kuna tofauti baina ya nguo ambayo leo ni alama ya dini ya watu na nguo iliyokwisha kuwa ya kazi au cheo, avaayo Mwislamu, Mkristo na Baniani, na hapana anayemwona akasema, huyu ni kasisi. Mimi sioni ubaya wa kulivaa. Mwenye shaka awaulize wenye fatwa, na awaeleze asili yake ya kweli, kwani fatwa iliyojengwa juu ya khabari ya uwongo inaanguka pamoja nayo.

Na la kusikitisha zaidi ni kwamba tunayo khabari ya kweli ya mavazi ya wanavyuoni, nayo ina faida kuliko ile ya kubuni. Ibn Khallikan ameeleza kuwa Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 182 Hijriya, ndiye wa kwanza kuwawekea wanavyuoni vazi lao la kujulikana. Kabla yake nguo za watu zilikuwa namna moja. Wanavyuoni wakakhitilafiana tangu zamani kama jambo hili lina kheri. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijriya, alilikubali kwa tukio lililompata mwenyewe: alikuwa katika ihramu akawaona watu wanakosea adabu za tawafu, akawakataza, nao hawakumsikiliza kwa kuwa hawakumjua. Alipovaa nguo za mafakihi akawakataza tena, wakamtii. Kwake yeye vazi lilikuwa kama kibao mlangoni: watu wajue pa kuuliza. Na Ibn al-Hajj, katika kitabu chake Al-Madkhal, akawashika wanavyuoni wa zama zake kwa mikono mipana ya majoho yao na vilemba vyao vikubwa, akaona humo mna israfu na kujikweza. Hebu fikiri, lau msemaji wetu angewasimulia wale vijana watano khabari ya Sheikh Izzuddin na ya Ibn al-Hajj! Wangeondoka na swali la kweli juu ya mabega yao: vazi hili nimelivaa ili niulizwe, au ili nitazamwe?

Na akitaka fakhari, mlango upo. Mwaka 1981 profesa George Makdisi alitoa kitabu chake juu ya kuinuka kwa vyuo katika Uislamu na Ulaya. Humo alitaka kuonyesha kwamba ijaza ya kusomesha, iliyotolewa na madrasa zetu, inafanana mno na ruhusa ya kusomesha iliyokuja kutolewa Ulaya baadaye. Wako waliompinga, na mjadala haujafungwa. Lakini hoja yake aliijenga juu ya ijaza, wakfu na namna ya mijadala, vitu vyenye maandishi, wala hakuijenga juu ya kishada.

Tena tunalo neno. Joho, katika pwani yetu, lilikuwa jina la vazi refu la heshima, lenye darizi, lililovaliwa na masheikh, makadhi na mabwana harusi, kabla hakijakuwapo chuo kikuu hata kimoja upande huu. Wenziwetu walipoleta vazi lao tukaliona, tukasema, "Aa, hili ni joho," na jina likashika. Nguo ni yao, jina ni letu. Fakhari ndogo, lakini ina ushahidi.

Mwenye kujua kitabu cha zamani kilichoandikwa kwamba kofia ya mraba ilitengenezwa kwa ajili ya Msahafu, na atutajie jina la kitabu, mtungaji na ukurasa. Tutakichapa humu humu, na mimi nitakuwa wa kwanza kurudi nyuma. Na yule kijana aliyeuliza, kama anasoma ukurasa huu, ajue kwamba swali lake bado halijajibiwa na aliyeulizwa.