Acheni Kumuua Mama Katika Sura ya Kwanza

Mama yumo katika karibu kila hadithi tunayoandika sisi waandishi chipukizi, na kazi yake ni moja tu: kufa. Ukurasa wa pili anaugua, wa tatu anakohoa, wa nne anamwita mwanawe kitandani, anampa wosia na kukata roho. Kijana anafuta machozi, anapanda basi la Mwanza au Dar es Salaam, na hapo ndipo tunaambiwa kisa kimeanza. Akiponea chupuchupu, basi atabaki kijijini akilia na kusali, akingoja barua. Siku hizi anangoja simu. Mikono hana. Hatujui anapika nini, uzi ananunua wapi, anadaiwa na nani, kitu gani kinamchekesha. Eti huyo ndiye mama.

Nasema imetosha.

Ninaandika haya kutoka Guta, wilayani Bunda, kwenye ukingo wa Ghuba ya Speke. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, na sasa naandika riwaya. Mhariri mmoja, jina lake litabaki kwangu, alinirudishia sura tatu za riwaya hiyo akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: haya ni mambo ya jikoni, weka tukio. Riwaya yenyewe inamhusu mama wa watoto watano anayenunua dagaa mwaloni, anayesali rozari na kufuma vitambaa vya makochi. Nadhani bwana mhariri alitaka nimpe mama huyo bastola.

Sina ugomvi na bastola, jamani. Musiba na Mtobwa nimewasoma mpaka kurasa zikachomoka, na Willy Gamba na Joram Kiango wamewafundisha wengi wetu kupenda vitabu kuliko walimu walivyoweza. Ugomvi wangu ni na hilo neno, tukio. Nani amewaambia kwamba jikoni na mwaloni hakuna matukio?

Hebu sikilizeni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za sola, dagaa hufuata mwanga na wavu huwazoa. Mwezi ukipevuka, ziwa lote linang'aa, taa haina tena cha kuita, na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo nyumbani kwetu kalenda si ya ukutani. Kuna siku za giza na kuna siku za mbalamwezi, basi.

Siku za giza mama yuko mwaloni saa kumi na moja alfajiri, beseni mkononi, anagombea bei na wanawake wenzake ambao jioni yake watakaa naye jumuiya moja na kutakiana amani. Jua likichomoza anaanika. Zile dagaa zilizotandazwa pale ndizo mtaji wake wote, na mtaji huo hauna bima wala mlinzi isipokuwa macho yake. Wingu jeusi likijitokeza upande wa ziwani, kila mwanamke anaacha alichoshika. Mvua ikiwakuta dagaa hawajakauka, wanaharibika, na bei yake inakuwa ya chakula cha kuku. Nimemwona mama akiacha ugali wa muhogo nusu umesongwa na mtoto wa mgongoni akalazwa chini analia, akitimua mbio kuanua, na katikati ya mbio hizo anasema Salamu Maria kwa sauti kama mtu anayemwita jirani. Ada ya mdogo wangu ilikuwa imelala pale mchangani. Nionyesheni riwaya yenu yenye mbio kali kuliko hizo.

Siku za mbalamwezi ndizo siku za uzi. Hapo ndipo sindano ya kufumia inatoka ndani ya kopo la maziwa, na mama anakaa mlangoni. Kuna bibi harusi anataka seti nzima: kitambaa cha kochi kubwa, vya makochi madogo, vya mikono ya makochi, cha meza. Kazi hiyo haina karatasi wala mchoro. Ua lote liko kichwani mwake, anajua mzunguko wa kwanza una vitundu vingapi na wa kumi utakuwa na vingapi, na akikosea kimoja leo, ua litapinda keshokutwa. Rozari ina makumi matano, na vidole vinavyohesabu punje ndivyo vinavyohesabu vitundu. Mimi sijaweza kujua ni sala inayoongoza uzi au ni uzi unaoongoza sala.

Usiku mmoja aligundua kwamba mzunguko wa tatu umepungukiwa na kitundu. Alikuwa ameshafika wa kumi na nne. Akavuta uzi, akafumua kazi ya siku tatu mpaka ikabaki sahani ndogo ya katikati. Nikamwambia, "Mama, mteja asingeona." Akajibu bila kuinua kichwa, "Mimi nimeona." Sasa nawauliza ninyi mnaokutana kusomeana miswada: wangapi mmewahi kufumua sura kumi kwa ajili ya neno moja lililokaa vibaya katika sura ya tatu?

Na bado wapo wanaoiita kazi hii ya kupitisha wakati! Wakati upi? Mwenye wakati wa kupitisha ni yule anayekaa kijiweni akijadili fasihi huku shati lake linafuliwa nyumbani.

Wasomi watasema namfanya mama yangu mtunzi kwa sababu ni mama yangu. Haya, twende kwenye kitabu anachokisoma yeye. Kila mwanamke wa kanisani anaijua Mithali sura ya 31, ile ya mke mwema. Huhubiriwa harusini kama orodha ya kazi za bibi harusi: aamke usiku, atafute sufu na kitani, asokote, auze nguo kwa wachuuzi. Mume, kwa taarifa yenu, anatajwa akiwa ameketi langoni na wazee, na kwetu lango hilo lina bao. Lakini ni wahubiri wangapi wanaotuambia kwamba yale ni mashairi? Tangu mstari wa 10 hadi wa 31 ni mistari 22, na kwa Kiebrania kila mstari unaanza na herufi yake, kwa mfuatano, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu alfabeti yao ina herufi 22. Aliyeitunga alihesabu kama mfumaji. Na sura yenyewe inaanza kwa kutaja kwamba ni mafundisho ambayo mfalme Lemueli alipewa na mama yake. Mama! Siyo profesa.

Kisha mwendee Dorkasi katika Matendo ya Mitume, sura ya 9. Amekufa kule Yafa, Petro ameitwa, na wajane wanamzunguka wakilia. Wanamwonyesha nini? Hawamtajii sifa wala ukoo. Wanamwonyesha kanzu na nguo alizozishona. Mwandishi wa kitabu kile aliona kwamba nguo zile zinatosha kueleza maisha ya mtu. Na Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, mkoa wetu huu wa Mara, aliyageuza Matendo hayo pamoja na Injili kuwa tenzi, zikachapwa mwaka 1996. Rais mstaafu hakuona haya kuhesabu mizani kwa ajili ya nguo za Dorkasi. Ninyi mnaona haya kuandika neno "uzi".

Najua pingamizi linalokuja. Linatoka kwa dada zangu wa mjini, na ni la maana kuliko la yule mhariri. Wanasema: unaipamba minyororo. Kanisa, jiko na kitambaa ndivyo vilivyomfunga mwanamke, nawe unavitungia sifa.

Sivitungii sifa. Kitu ninachokichukia kuliko hata mama anayekufa ukurasa wa nne ni mama mvumilivu, yule wa mashairi ya kwamba alituzaa, alitulea, hakulalamika kamwe. Mama yangu analalamika! Analalamika vizuri, kwa Kijita na kwa Kiswahili, na malalamiko yake yana hesabu ndani yake. Alifuma kitambaa cha altare cha kigango, kipana, chenye misalaba ukingoni, siku za mbalamwezi za miezi miwili. Sikukuu ilipofika risala ikasomwa, wakashukuriwa waliotoa saruji na waliotoa mabati, majina na vyeo vyao. Kitambaa, ambacho kila aliyekuwa ndani alikuwa anakitazama wakati wa risala, hakikutajwa. Jioni mama alisema angekuwa amefuma bati angetajwa. Tulicheka mpaka baba akatoka nje kuuliza kuna nini. Kesho yake alikwenda kwenye mkutano wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, ambako yeye ni katibu wa tawi, na akadai liandikwe daftari la kazi za mikono kama lilivyo daftari la michango ya fedha. Walibishana wiki tatu. Daftari likaandikwa, kwa mwandiko wake.

Sasa niambieni, huyo ni mfungwa au ni nani? Simfahamu kwa neno moja. Ndiyo sababu anahitaji riwaya, maana shairi la sifa na hotuba ya haki zote zinamtaka awe neno moja.

Wazee wetu wa fasihi walilijua jambo hili. Shaaban Robert, alipotaka kuandika wasifu, alimchagua Siti binti Saad, mwanamke aliyeuza vyungu kabla sauti yake haijafika Bombay kwenye santuri mwaka 1928. Penina Muhando alitoa tamthilia ya Nguzo Mama mwaka 1982, na nguzo yenyewe ikawa mwanamke. Na ng'ambo ya maji haya ninayoyaona kila siku, Ukerewe, alizaliwa Euphrase Kezilahabi, aliyetutoka Januari 2020. Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 imebeba jina la Bikira Maria kutoka katika litania, jina ambalo mama zetu wanalisali bila kujua kwamba ni la riwaya. Ndani yake mna nyumba ya kawaida ya huku ziwani, baba mlevi Zakaria na mkewe Regina, na nyumba hiyo ilitosha kutikisa nchi mpaka kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Hakuhitaji kwenda mbali.

Sisi wajukuu wao ndio tuliohamia mbali. Tunaandika hoteli ambazo hatujalala na magari ambayo hatujapanda, halafu tunashangaa wasomaji wakituambia hatunogi.

Kisha kuna habari ya uzi wenyewe, ambayo peke yake ni riwaya. Bunda ni wilaya ya pamba. Nimeikua nikiona marobota na malori ya pamba yakipita. Musoma palijengwa kiwanda cha nguo cha umma, Mutex, kabla ya zama za ubinafsishaji. Lakini mama anapokwenda dukani mjini Bunda, uzi anaouziwa umetoka nje, na kitambaa chake akikipeleka mnadani kinashindana na vitambaa vya plastiki vilivyopigwa muhuri wa ua na mashine. Plastiki inafutika kwa tambara. Haihitaji kufuliwa wala kutiwa wanga. Wateja wake wengine wamehamia huko, na hawalaumu. Anayetaka kuandika juu ya utandawazi aache kunakili hotuba, aende akakae pale mnadani siku moja kutwa.

Jambo jingine, dogo. Maandishi ya kwanza niliyoyasoma maishani hayakuwa ya shule. Yalikuwa kwenye kitambaa cha ukutani alichokitarizi mama kabla sijazaliwa, ndege wawili wakitazamana na chini yao maneno KARIBU MUGENI. Mwalimu mmoja aliyetutembelea alicheka ile "u". Mimi mpaka leo nikiandika neno mgeni mkono unasita kidogo, maana kwetu mgeni aliingia na "u" yake na akala akashiba. Kitambaa kile kimesomwa na watu wengi kuliko hadithi yoyote ya gazeti letu hili, na mtunzi wake hajawahi kuwekwa kwenye orodha ya watunzi. Kijijini hata jina lake halitumiki. Wanamwita Mama na jina langu, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Yule mhariri simrudishii kitu. Zile sura tatu nimezipeleka kwingine, na nimeongeza ya nne, ambayo yote ni mvua ya saa saba mchana na dagaa waliotandazwa. Wosia haumo. Mama hana nafasi ya kutoa wosia, kwa sababu anadaiwa uzi dukani Bunda, na bibi harusi wa watu anataka seti yake Jumamosi.